Taasisi za Mara Zitunziane Majina ya Intaneti

Jumatatu ya tarehe 4 Oktoba 2021, jua likielekea kuzama Ziwa Victoria, WhatsApp, Facebook na Instagram zilizimika kwa mkupuo mmoja, Musoma sawa na Nairobi, Muscat na London. Watu walizima data wakawasha, wakaongeza bando, wakalaumu kampuni za simu. Huduma zilirejea usiku wa manane, baada ya kukosekana kwa muda wa takriban saa sita.

Kompyuta zinazohifadhi picha na ujumbe wa watu hazikuwa zimeharibika. Wakati wa matengenezo, amri moja ilikata njia kuu zinazounganisha vituo vya data vya Facebook, kampuni yenye huduma zote tatu. Seva za majina, zile zinazoiambia dunia facebook.com inapatikana kwenye namba gani, zilipoona hazivifikii tena vituo hivyo zikaacha kujitangaza kwenye intaneti, kama zilivyopangiwa. Tangu hapo simu iliyouliza jina hilo liko wapi haikupata wa kuijibu. Seva hizo zilikuwa zaidi ya moja, ila zote zilitegemea mtandao uleule.

Microsoft ilishapitia hayo miaka ishirini kabla. Januari 2001 seva zake za majina zilikaa zote sehemu moja ya mtandao, na badiliko moja la mpangilio wa ruta likaziweka gizani kwa karibu siku nzima. Baada ya hapo kampuni ikatafuta mtu wa nje wa kuishikia nakala.

Ikiwa matajiri wa namna hiyo walijikwaa hapo, chuo kilichoko Bunda, hospitali ya Musoma au shule ya Butiama yenye fundi mmoja na ruta moja haina sababu ya kudhani iko salama. Lakini taasisi hizo zina njia ambayo haihitaji utajiri wowote. Zinaweza kutunziana majina: kila moja ikabidhi nakala ya orodha yake ya majina kwa seva ya mwenzake, nayo ipokee nakala ya mwenzake, bila malipo.

Jina la kikoa ni lile linaloishia na .sc.tz kwa shule, .ac.tz kwa vyuo, .or.tz kwa mashirika ya kijamii, .co.tz kwa biashara. Nyuma yake kuna faili dogo la maandishi: tovuti iko namba fulani, barua pepe zipelekwe seva fulani, mfumo wa matokeo uko kwingine. Kanuni za mfumo huu, alizoandika Mmarekani Paul Mockapetris na kutolewa mwaka 1987, zinataka faili hilo lipatikane kwenye seva mbili au zaidi. Moja ni seva kuu, ambako mabadiliko hufanyika. Nyingine huchukua nakala kwake na kujibu maswali kwa mamlaka ileile. Anayeuliza hajui amejibiwa na ipi. Kazi ya seva hiyo ya akiba ni ya jirani anayejua ulikokwenda, anayemwelekeza mgeni aliyekuta mlango umefungwa.

Sharti la seva mbili hutimizwa na wengi kwenye karatasi tu. Fundi husajili majina mawili ya seva, na yote mawili yanaelekea mashine moja iliyo chini ya meza moja, inayolishwa na soketi moja. Msajili anaridhika. Umeme ukikatika, luku ikiisha wikendi au ruta ikipigwa na radi, na Mara ni mkoa wa radi, jina lote linatoweka.

Wapo wanaouliza: ikiwa mashine za taasisi zenyewe zimezimika, jina linajibiwa la nini? Swali hilo lilikuwa na uzito kidogo zamani, tovuti, barua pepe na majina vilipokaa kwenye kompyuta moja. Leo tovuti ya chuo inaweza kuwa imehifadhiwa Ujerumani, barua pepe ziko kwa Google, mfumo wa ada uko Dar es Salaam. Vyote viko hai na vinafanya kazi, lakini vimefichwa kwa sababu seva ya majina iliyobaki ofisini Musoma imekosa umeme. Mzazi aliyeko Muscat anayetaka kulipa ada anaambiwa anwani haipo. Na hata pale mashine zote zinapokuwa chini, jina likijibiwa, seva inayotuma barua pepe hujua inakopaswa kupeleka na huendelea kujaribu tena na tena. Jina lisipojibiwa, baadhi ya programu hurudisha barua kwa mtumaji na kumwambia anwani ni batili, naye anaweza kuamini kabisa kwamba taasisi imefungwa.

Jibu hilo si geni. Limo katika waraka uitwao RFC 2182, uliotolewa Julai 1997, unaofundisha namna ya kuchagua seva za akiba. Waraka unasisitiza kwamba seva hizo zikae mbalimbali, kijiografia na kimtandao, na unakemea tabia ya kuziweka zote kwenye chumba kimoja. Kati ya waandishi wake wanne yumo Robert Elz wa Australia, aliyeusimamia kwa kujitolea mtandao wa majina ya nchi yake, na yumo Mmarekani Randy Bush. Jina la Bush linapaswa kufahamika zaidi Afrika Mashariki kuliko linavyofahamika.

Kikoa cha .tz kiliandikishwa tarehe 14 Julai 1995. Wakati huo Tanzania haikuwa na uwezo wa kukiweka hewani saa 24 kwa nguvu zake yenyewe. Laini za nje zilikuwa chache, ghali na za kukatikakatika. Nchi nyingi za Afrika zilikuwa katika hali hiyohiyo, na Bush alikuwa mmoja wa wahandisi waliojitolea kuzibeba. Aliasisi NSRC, kituo kilichoko Chuo Kikuu cha Oregon kinachosaidia nchi kujenga mitandao yake, na seva yake iitwayo rip.psg.com ilishika nakala za majina ya nchi nyingi, bila kuzitumia ankara. Kenya ilipitia njia hiyo pia. Kikoa cha .ke kiliandikishwa mwaka 1993, Dkt. Shem Ochuodho akiwa msimamizi na Bush akishika upande wa ufundi, hadi shirika la KENIC lilipokuja kukipokea mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Tanzania ilifuata. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, pamoja na umoja wa watoa huduma za intaneti, TISPA, waliunda tzNIC, nayo ikakabidhiwa rasmi kikoa cha .tz mwaka 2010. Hata hapo kujitolea hakukukoma. Programu ya usajili iliyotumika, FRED, ilitoka kwa shirika la CZ.NIC la Jamhuri ya Czech, linaloigawa bure. Mwaka 2011 warsha ya AfNOG, ambako wahandisi wa Afrika hufundishana kuendesha mitandao, ilifanyika Dar es Salaam, na somo la seva za majina ni miongoni mwa masomo yake ya msingi. Shirika lisilo la faida la PCH hushika nakala za majina ya nchi nyingi maskini na tajiri bila malipo. Juu kabisa ya mfumo, seva-mzizi ambazo dunia nzima inazitegemea zina majina 13 yanayoendeshwa na taasisi 12, na hakuna mtumiaji anayetozwa senti kwa kuziuliza.

Kwa hiyo mtu wa Musoma anapoandika anwani yoyote inayoishia na .tz, anategemea kazi ambayo kwa sehemu kubwa ilianza kwa hisani. Kinachokosekana ni hisani hiyo kushuka hadi ngazi ya wilaya.

Na Mara ina historia yake katika jambo hili, historia ambayo haisimuliwi vya kutosha. Katikati ya muongo wa 2000, kabla mkongo wa taifa haujaanza kujengwa, wilaya za Bunda na Serengeti zilichaguliwa kwa mradi wa majaribio ulioitwa Serengeti Broadband. Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam na chuo cha KTH cha Stockholm walishirikiana, kwa msaada wa Sida, shirika la misaada la Uswidi. TANESCO ilikuwa na nyuzi za mkongo kwenye njia zake za umeme ambazo haikuzitumia zote, na wazo la mradi lilikuwa kuzigawana: shirika la umeme libaki na zake, zilizobaki zihudumie hospitali, shule na ofisi za vijijini. Ruta zilikuwa kompyuta za kawaida zenye programu huria ya Linux.

Mtafiti aliyeufanyia mradi huo kazi kwa miaka, Amos Nungu, aliandika juu yake tasnifu ya uzamivu KTH mwaka 2011, na baadaye akawa Mkurugenzi Mkuu wa COSTECH. Swali kuu la tasnifu yake si jinsi ya kuwasha mtandao kijijini. Ni jinsi ya kuufanya udumu. Kila mtu aliyeona kompyuta za msaada zikiota vumbi kwenye stoo ya shule anajua kwa nini swali hilo ndilo gumu.

Kutunziana majina ni jambo jepesi kuliko kugawana mkongo, mara mia. Faili la majina la shule halizidi kilobaiti chache. Swali moja na jibu lake ni baiti mia chache, kiasi kwamba maswali 10,000 kwa siku hayazidi sana megabaiti 3. Programu za kuendeshea kazi hiyo, kama BIND au NSD, ni za bure. Kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiganja, Raspberry Pi, hutumia wati tano hivi, na paneli ndogo ya sola yenye betri inaweza kuiwezesha kukesha. Hakuna mfadhili anayehitajika, kwa hiyo hakuna siku ya mfadhili kuondoka.

Kikwazo halisi ni kingine, nacho kisifichwe. Seva ya majina lazima iwe na anwani ya kudumu kwenye intaneti, na laini nyingi za simu hazitoi. Wateja maelfu hufichwa nyuma ya anwani chache, na swali linalotoka nje haliwezi kumfikia mmoja wao. Kwa hiyo shule ya kata inayotumia ruta ya laini ya simu haiwezi kushika nakala ya mwenzake hata ikitaka. Wanaoweza ni wale wenye laini za taasisi: vyuo, hospitali kubwa, na watoa huduma wenyewe. Butiama kuna Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere. Musoma kuna Chuo cha Maendeleo ya Jamii Buhare na hospitali ya rufaa ya Kwangwa. Bunda kuna chuo cha ualimu. Si lazima zote ziingie, wala hakuna haja ya kuunda umoja wenye katiba, mwenyekiti na posho za vikao. Tatu zenye anwani za kudumu zinatosha kuanza, na shule ndogo zitapewa hifadhi humo bila kudaiwa kushika chochote. Halmashauri hazimo katika hesabu hii, kwa kuwa vikoa vya go.tz vina usimamizi wake chini ya Mamlaka ya Serikali Mtandao.

Hapa ndipo penye hatari ya kufanya jambo jema nusunusu. Musoma ikishika nakala ya Butiama, na Butiama ikashika ya Bunda, picha ni ya kupendeza lakini kinga ni dhaifu. Miji hiyo mitatu inakaa kwenye njia moja. Barabara kuu ya Mwanza hadi Sirari inapita Bunda, na pale Makutano ndipo ya Musoma inapochepuka. Umeme wake unatoka gridi moja, na taasisi mbili zinazopata intaneti kupitia mkongo uleule wa kutoka Mwanza zitapotea kwa dakika ileile mkongo huo ukikatwa na greda. Waraka wa 1997 ungewauliza mafundi hao: rafiki yenu wa mbali yuko wapi?

Awepo. Dodoma ni pazuri. Kisumu ni pazuri zaidi, kwa sababu iko nchi nyingine, gridi nyingine na mtandao mwingine, ilhali fundi anaweza kupanda basi Musoma asubuhi na kuingia Kisumu siku hiyohiyo. Vyuo vya Tanzania tayari vina mtandao wao wa pamoja, TERNET, na vya Kenya vina KENET. Taasisi hizo mbili zikiliweka jambo hili kwenye ajenda, Butiama na Kisumu zinaweza kuwa zimeshikiana nakala kabla muhula haujaisha.

Wengine watasema basi kila mtu apeleke majina yake kwa kampuni kubwa za nje, zenye mashine duniani kote, baadhi yake bila malipo. Ni ushauri wenye maana na hakuna ubaya kuwa na nakala moja huko. Kuwa na nakala zote huko ndiko kubaya. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika kwa wakati mmoja, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Siku ya namna hiyo, tovuti iliyohifadhiwa Dar es Salaam inaweza kuwa nzima kabisa, na njia ya Musoma hadi Dar ikawa nzima, lakini jina likakosa jibu kwa kuwa seva zake zote ziko ng'ambo ya bahari. Na ukubwa si kinga. Oktoba 2016 kampuni ya Dyn ya Marekani, iliyoshika majina ya wakubwa kama Twitter na Netflix, ilishambuliwa na jeshi la kamera na ruta za majumbani zilizotekwa, na wateja waliokuwa wameweka nakala zote kwake walizimika pamoja nayo.

Kisa cha Dyn kina upande wa pili unaowahusu wanaojitolea. Miaka michache kabla, mwaka 2010, Dyn ilikuwa imeinunua EveryDNS, huduma ya bure ya majina iliyoanzishwa na David Ulevitch na kuendeshwa kwa michango. Baadaye huduma hiyo ilifungwa, na watu wengi wakalazimika kuhamisha vikoa vyao. Wa kujitolea huchoka, huajiriwa kwingine, huuza. Ukweli huo hauvunji hoja ya kutunziana. Unaonyesha tu kwamba makubaliano ya midomoni hayatoshi. Fundi akihama bila kuaga na seva ikazimwa, kikoa cha mwenzake kinabaki kinaelekeza watu kwenye mashine mfu, na kila swali la bahati mbaya linachelewa au linapotea. Vibaya zaidi, ikiwa seva ilijulikana kwa jina la kikoa ambacho ada yake haikulipwa, mtu mwingine anaweza kukisajili na kuanza kujibu maswali kwa niaba ya hospitali.

Kwa hiyo ukurasa mmoja uandikwe na utiwe saini na wakuu wa taasisi, si mafundi peke yao. Useme nani anashika nakala ya nani. Useme anayetaka kuacha atoe taarifa mwezi mmoja kabla. Utaje mafundi wawili kila upande, kwa sababu mmoja huenda likizo. Nakala zipitishwe kwa ufunguo wa siri wanaoujua wao tu, ili mtu wa pembeni asiweze kuchota faili lote wala kupachika la uongo. Na muda wa nakala kuhesabiwa kuwa imekufa uwekwe wiki mbili hadi nne, kama wataalamu walivyoshauri tangu miaka ya 1990, ili seva kuu ikiharibika na kipuri kikasubiriwa kutoka Mwanza au Dar, ya akiba iendelee kujibu muda wote huo. Wapo mafundi wanaoweka siku moja. Hapo jirani husahau unakoishi jioni ileile unayomhitaji.

Kuna faida nyingine inayostahili kutiliwa maanani kuliko zote za kiufundi. Vijana wanaohitimu stashahada za TEHAMA mkoani Mara hufundishwa mfumo wa majina kwenye ubao na mtihani, kisha wengi huishia kurekebisha printa na kuweka programu za kuua virusi. Seva ya akiba ya mtu mwingine ni shule ya kweli: ina mwenzake wa kumpigia simu, ina matokeo yanayoonekana, na kosa lake linaumiza kiasi cha kufundisha bila kuangusha taasisi, maana nakala nyingine zipo. Wahandisi wengi wanaoendesha mitandao ya Afrika leo walipita katika warsha za AfNOG wakifanya kazi hiyohiyo. Mkuu wa chuo anayesita kutoa wati tano na anwani moja ajiulize ni maabara gani nyingine angeipata kwa bei hiyo.

Kazi ikishafanyika ipimwe kwa vitendo. Ijumaa moja mchana, fundi wa Butiama azime seva kuu kwa makusudi. Mwenzake aliyeko Tarime, akitumia laini ya kampuni nyingine, aiulize seva ya akiba moja kwa moja, kwa sababu jibu lililobaki kwenye kumbukumbu ya kampuni ya simu linaweza kumfanya adhani mambo ni sawa wakati si sawa. Aulize ya Musoma, kisha aulize ya Kisumu. Ikiwa zote mbili zimejibu namba sahihi, seva kuu iwashwe, matokeo yaandikwe kwenye ukurasa uleule wenye saini, na tarehe ya jaribio la miezi mitatu ijayo ipangwe kabla watu hawajatawanyika.